LE CORBUSIER NA NYUMBA PACHA ZA MATOFALI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika kurasa za jarida letu tumezoea kusoma maisha ya wafalme, mashujaa wa uhuru na malenga wa kale. Mwaka huu mimi nimeonelea nikuletee mtu wa aina nyingine kabisa. Huyu ni mjenzi. Si mjenzi wa taifa, la hasha, ni mjenzi wa nyumba hasa, zile za kuta na paa. Jina lake ni Le Corbusier. Najua wenzangu wanaosoma uchoraji wa majengo wamekwisha kulisikia, na wengine wataniuliza, huyu naye katoka wapi? Tulia basi, nikuhadithie polepole. Ila kabla sijaanza, shika swali moja mkononi: nyumba ni ya nani? Ni ya yule aliyeichora, au ya yule atakayelala ndani yake mvua ikinyesha? Swali hilo lilimwandama bwana huyu maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba mwaka wa 1887 katika mji wa La Chaux-de-Fonds, nchini Uswisi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Charles-Édouard Jeanneret. Mji huo uko milimani, kuna baridi kali, na wakazi wake walijulikana kote kwa kazi ya kutengeneza saa. Babake alikuwa fundi wa kupaka rangi ngumu kwenye nyuso za saa, na mamake alifundisha piano. Kakake, Albert, alifuata muziki wa mama. Charles-Édouard naye alipelekwa shule ya sanaa ya pale mjini ili ajifunze kuchora nakshi kwenye vifuniko vya saa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, au sivyo? Lakini macho yake yalikuwa dhaifu, na kazi ya saa ni ya macho. Mwalimu wake, Charles L'Eplattenier, ndiye aliyemsukuma aingie katika usanifu wa majengo. Hapo naomba walimu wetu wajisikie fahari kidogo, maana pengine bila mwalimu huyo dunia isingemjua mwanafunzi.

Akiwa bado kijana wa miaka kumi na minane hivi alishiriki kuchora nyumba yake ya kwanza, Villa Fallet, yenye paa la mteremko na mapambo ya miti ya misonobari. Ukiiona leo huwezi kuamini kwamba ni kazi ya mtu aliyekuja kuyapiga vita mapambo. Kisha akafunga safari. Mwaka wa 1907 alikwenda Italia. Baadaye alifika Paris akafanya kazi kwa Auguste Perret, bingwa wa zege iliyotiwa vyuma ndani, yaani ule mchanganyiko wa simiti, mchanga na kokoto ambao sisi huuona kila siku kwenye mjengo. Mwaka wa 1910 alikuwa Berlin kwa Peter Behrens. Mwaka wa 1911 akazunguka nchi za Balkan, akafika Istanbul na Athens, daftari mkononi, akichora kila anachokiona. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuwahi kupata shahada ya usanifu. Shule yake ilikuwa miguu yake na kalamu yake.

Mwaka wa 1912 aliwajengea wazazi wake nyumba nyeupe mlimani, juu ya mji. Ilikuwa nyumba nzuri ajabu. Lakini jamani, gharama! Mzee wa saa alitia humo akiba yake, na mwaka wa 1919 ilibidi wazazi waiuze kwa hasara. Mimi nilipolisoma jambo hili nilisimama kidogo. Mtoto aliwapenda wazazi wake, akataka kuwapa kitu bora kuliko vyote, na kitu hicho hicho kikawafilisi. Ukitaka kumwelewa mtu huyu, anzia hapo.

Wakati huo yeye alikuwa amekwisha kuhamia Paris, mwaka wa 1917. Huko alijaribu biashara, akaendesha kiwanda kidogo cha matofali mahali paitwapo Alfortville. Kiwanda kikaanguka. Basi akashika brashi na kalamu. Pamoja na mchoraji Amédée Ozenfant alianzisha jarida mwaka wa 1920, na ni katika jarida hilo alianza kutumia jina la Le Corbusier, lililotokana na jina la ukoo mmoja wa upande wa wazee wake. Mwaka wa 1922 alifungua ofisi na binamu yake Pierre Jeanneret, na mwaka wa 1923 akatoa kitabu kilichomfanya ajulikane kote. Humo aliilinganisha nyumba na mashine: kama vile gari au ndege isivyobeba kitu kisicho na kazi, nyumba nayo isibebe. Toa nakshi, toa maua ya plasta, toa nguzo za kujionyesha. Bakisha mwanga, hewa na nafasi.

Sasa nataka nikueleze habari ya nyumba pacha, kwa sababu alizijenga katika ujana wake na akazijenga tena uzeeni, na ukizilinganisha utaona mtu mzima anavyobadilika. Pacha za kwanza ziko Paris, zilijengwa kati ya 1923 na 1925. Moja ilikuwa ya Raoul La Roche, mfanyakazi wa benki aliyekusanya picha za wachoraji, na ya pili ya kakake Albert, yule mwanamuziki. Nyumba hizo zimeungana, ni nyeupe pe! Kuta ni laini kama karatasi, madirisha ni marefu ya kulala, na ndani ya ile ya La Roche kuna sakafu ya mteremko ambayo mtu huipanda polepole. Hakuna pambo hata moja. Ukitazama kwa mbali unafikiri zimetengenezwa kwa kitu kimoja kisicho na uzito. Hapo ndipo penye hila, maana chini ya rangi nyeupe kulikuwa na zege na matofali ya kawaida, yamefunikwa kwa plasta ili yasionekane.

Mtindo huo ulimpa sifa. Mwaka wa 1927 alijenga nyumba mbili katika maonyesho ya makazi mjini Stuttgart, moja ikiwa ya familia mbili zinazopakana. Halafu ikaja Villa Savoye huko Poissy, kati ya 1928 na 1931, sanduku jeupe lililosimama juu ya nguzo nyembamba. Wasomi wa usanifu huisifu mpaka leo. Lakini waliokaa ndani walikuwa na maneno mengine. Paa lake la bapa lilivuja. Bibi Savoye alimwandikia barua baada ya barua akimlalamikia kuhusu maji. Mwaka wa 1940, vita vilipoikumba Ufaransa, familia iliondoka. Baadaye wakubwa wa mji walitaka kuibomoa ili pajengwe shule ya sekondari, na ikanusurika chupuchupu. Mwaka wa 1965 ikawekwa chini ya ulinzi wa serikali.

Huko Pessac, karibu na Bordeaux, mambo yalikuwa vivyo hivyo. Tajiri mmoja wa sukari, Henry Frugès, alimpa kazi ya kujenga mtaa wa nyumba za wafanyakazi, takriban hamsini, uliomalizika mwaka wa 1926. Wakazi walipoingia wakaanza kuzibadilisha. Huyu anafupisha dirisha, yule anaongeza paa la mteremko, mwingine anaziba kibaraza. Kumbe mtu akipewa nyumba iliyo tupu kabisa, ataijaza kwa mkono wake mwenyewe! Wako wanaosema hiyo ilikuwa aibu kwa msanifu. Mimi sioni hivyo. Naona kwamba wakazi wale walikuwa wanalijibu lile swali nililokupa ushike.

Sitaki nikufiche upande wake wa giza, maana kumsifu mtu kupita kiasi ni kumdanganya msomaji. Mwaka wa 1925 alionyesha mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya katikati ya Paris na kusimamisha minara mikubwa 18 mahali pake. Bahati nzuri haukutekelezwa. Kuanzia mwaka wa 1931 alichora mipango mikubwa ya mji wa Algiers huko Afrika Kaskazini, nayo ikakataliwa. Na katika miaka ya 1941 na 1942, Ufaransa ilipokuwa chini ya Wajerumani, alikaa Vichy akiitafutia kazi ofisi yake kwa serikali iliyoshirikiana na Wanazi. Alitoka mikono mitupu, lakini doa lilibaki. Tamaa ya kujenga ilimfumba macho asitazame ni nani anayemjengea.

Baada ya vita mambo yaligeuka. Chuma kilikuwa adimu na mafundi hodari walikuwa wachache. Alipojenga jumba kubwa la makazi mjini Marseille, kati ya 1947 na 1952, lenye nyumba 337, zege ilitoka kwenye mbao za kumwagia ikiwa na alama zote: mishipa ya mbao, viungo, mabaka. Mwingine angeita mafundi wapige plasta. Yeye aliacha hivyo hivyo. Alikuwa ameona kwamba zege ina sura yake, kama vile jiwe na mti vilivyo na sura zao. Kule India, katika mji mpya wa Chandigarh ulioanza mwaka wa 1951, zege ilibebwa na kina mama kwa karai vichwani, na alama za mikono ya watu zikabaki ukutani.

Ni wakati huo huo alipopata ombi la rafiki yake wa miaka mingi, André Jaoul, mtu wa viwanda. Jaoul alitaka nyumba mbili katika ploti moja huko Neuilly-sur-Seine, pembeni mwa Paris. Moja iwe yake na mkewe, ya pili iwe ya mwanawe Michel pamoja na mke na watoto. Hebu fikiria ugumu wa jambo hilo. Wazazi na mwana aliyeoa wakae karibu, lakini wasibanane. Sisi Waafrika tunalijua vizuri, maana boma nyingi za kwetu zimepangwa kwa shida hiyo hiyo: mwana apate mlango wake, lakini moshi wa jikoni kwa mama uonekane.

Michoro ilianza mwaka wa 1951, na ujenzi ukaendelea kati ya 1954 na 1956. Le Corbusier hakuziunganisha nyumba kama zile za mwaka wa 1923. Alizitenga, moja ikielekea barabarani na ya pili ikiwa nyuma yake, zikielekeana kama herufi L isiyoshikana. Chini yake aliweka jukwaa moja, na ndani ya jukwaa hilo gari za familia zote mbili zikapata banda moja. Kwa hiyo ardhi ni moja, lakini milango ni miwili. Madirisha nayo yalipangwa kwa uangalifu ili baba asichungulie kwa mwana, wala mwana kwa baba. Mahali penye kuelekeana, pakawekwa mbao badala ya kioo.

Sasa tutazame vifaa, maana hapa ndipo nilipovutiwa zaidi. Kila nyumba ina vyumba vilivyopangwa katika njia mbili sambamba, moja pana ya mita 3.66 na moja nyembamba ya mita 2.26. Vipimo hivyo havikuokotwa tu. Vilitoka kwenye mfumo wake wa kupimia uliotegemea mwili wa mtu: mtu wa mita 1.83 akiinua mkono hufika mita 2.26. Kuta ni za matofali ya kuchoma, zimepangwa kwa simiti nene inayofurika kwenye viungo. Dari si bapa, ni matao. Fundi alipanga vigae vyembamba vya udongo kwa umbo la upinde, kisha juu yake kikaja kibandiko kizito cha zege. Ufundi huo ni wa kale, watu wa Catalonia nchini Uhispania wameutumia kwa vizazi vingi, na faida yake ni kwamba vigae vyenyewe ndivyo vinavyoshika zege. Huhitaji msitu wa mbao za kushikilia dari mpaka ikauke. Kati ya orofa na orofa unaona boriti nene ya zege ikipita mbele ya nyumba kama mkanda, na juu kabisa, badala ya mabati, kuna udongo na majani yanayoota.

Mwashi wa matofali hayo alikuwa Salvatore Bertocchi, mwenye asili ya Sardinia, na kwenye mjengo walikuwako pia vibarua kutoka Algeria. Vyombo vyao vilikuwa ngazi, nyundo na misumari. Le Corbusier hakutaka matofali yapangwe kwa unadhifu wa kupita kiasi. Alitaka ionekane kwamba yamewekwa na mkono wa binadamu. Yule kijana aliyeficha matofali chini ya plasta nyeupe mwaka wa 1923, sasa akiwa na miaka zaidi ya sitini aliyaacha nje yaonekane na kila mpita njia. Hakuongeza pambo, bado alikuwa mtu wa vitu vichache: tofali, zege, kigae, mbao, kioo, basi. Ila safari hii uchache haukuwa wa kufuta. Ulikuwa wa kuonyesha kila kitu kilivyo.

Wapo waliokasirika. Msanifu kijana wa Uingereza, James Stirling, alizitazama nyumba hizo akaandika makala mwaka wa 1955 akishangaa jinsi mtume wa mashine alivyorudi kwenye matofali na ngazi za vibarua. Lakini sumu ya kitu kizuri huingia polepole. Stirling huyo huyo, pamoja na mwenzake James Gowan, walijenga nyumba za kupangisha huko Ham Common, London, kati ya 1955 na 1958. Kwa vifaa gani? Matofali na zege iliyo wazi! Anayecheka kilema cha mwenzake, asije akakitamani.

Nawe utaniuliza, haya yote yanahusu nini sisi wa huku? Kuna uzi mwembamba. Mwaka wa 1929 wasanifu wa mtindo mpya, Le Corbusier akiwa miongoni mwao, walifanya mkutano wao wa pili mjini Frankfurt, ambako msanifu wa mji alikuwa Ernst May. Bwana May baadaye alikuja Afrika Mashariki, akaishi hapa kwa miaka mingi, na Mombasa ndiko ilikojengwa Oceanic Hotel aliyoichora. Kwa hiyo mawazo ya watu wale hayakuishia Ulaya. Mengine tunayaona katika majengo tunayopita kila siku.

Le Corbusier mwenyewe alimaliza maisha yake kwa uchache. Mkewe Yvonne, waliyeoana mwaka wa 1930, alifariki mwaka wa 1957. Mamake aliishi mpaka mwaka wa 1960, katika kijumba cha kando ya ziwa Léman ambacho mwanawe aliwajengea wazazi kati ya 1923 na 1924, baada ya ile nyumba ya hasara. Kilikuwa na ukubwa wa takriban mita 60 za mraba tu, na dirisha moja refu la mita 11 la kutazamia maji. Hata hicho kilipasuka kuta, zikabidi kufunikwa kwa mabati, lakini bibi kizee alikipenda, akakaa humo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mara hii mtoto alikuwa amepatia. Kwa upande wake, msanifu wa miji na majumba alijijengea kibanda cha mbao pwani ya kusini ya Ufaransa mwaka wa 1952. Upande mmoja mita 3.66, upande wa pili mita 3.66. Bweni letu lingekicheka. Tarehe 27 Agosti mwaka wa 1965 alikwenda kuogelea karibu na kibanda hicho, na hakurudi akiwa hai. Alikuwa na umri wa miaka 77. Serikali ya Ufaransa ilimfanyia mazishi ya heshima katika ua wa Louvre, kisha akazikwa kando ya mkewe chini ya kaburi la zege alilolichora mwenyewe.

Nyumba za Jaoul ziliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka wa 1966. Mwaka wa 1997 sura yake ilitiwa kwenye noti ya faranga 10 ya Uswisi, ikatumika hadi ilipoondolewa. Na mwaka wa 2016 kazi zake 17 katika nchi saba zilitiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Wenzangu, nimekuahidini jibu la swali, nami nitalitoa kama ninavyoliona mimi. Huyu bwana alipojenga kwa ajili ya wazo lake, paa lilivuja, wazazi walifilisika, na wakazi wakashika nyundo. Alipoanza kwa kumtazama mtu mwenyewe, jinsi mama mzee anavyoketi dirishani, jinsi baba na mwana wanavyoweza kupendana bila kusumbuana, akatumia vifaa vya kawaida na mikono ya mafundi wa kawaida, nyumba zilipata roho. Kwa hiyo nyumba ni ya anayelala ndani. Msanifu ni mgeni wake wa kwanza tu, na mgeni mwema hujua lini aondoke.

Wale mtakaokuwa wahandisi na wasanifu kesho, msidharau tofali kwa sababu mmeliona kwenu. Na walimu wetu, msichoke kutusukuma kama L'Eplattenier alivyofanya, maana hamjui mnamsukuma nani. Kwa haya machache naiweka kalamu chini. Haba na haba hujaza kibaba, na tofali juu ya tofali hujenga nyumba.